KUIGIZA WEMA: JE, NI UNAFIKI?

Mkatekumeni akianza kuacha ulevi na matusi, mara nyingi jirani zake humcheka. Husema: "Mtazameni, anajifanya mtakatifu. Juzi tulikunywa naye chungu kimoja. Leo anaigiza tu." Naye mwenyewe, usiku akiwa peke yake, hujiuliza kama hawakusema kweli. Maana mdomo wake umekwisha kuacha matusi, lakini moyo wake ungali unayajua yote. Amemsamehe ndugu yake mbele ya katekista, na bado akimwona njiani hasira humpanda. Hupiga magoti pamoja na wengine, lakini fikira zake zi shambani. Basi mtu huyu, atendaye mema ambayo hayajashika mizizi ndani yake, ni mtu wa namna gani? Je, ni mwanafunzi, au ni mnafiki?

Swali hili ni zito, kwa kuwa wako walioacha mafundisho kwa sababu yake. Waliona aibu kutenda wema wasiousikia moyoni, wakarudia maisha yao ya kwanza, wakidhani kwamba kufanya hivyo ndiko kuishi katika kweli. Kwa hiyo yafaa kulichungua vizuri. Na mfano wa kulichungua wapatikana mahali ambapo mtu asingetazamia: katika gereza moja la Marekani, kati ya wafungwa waliojifunza kucheza michezo ya kuigiza. Habari yao yasimuliwa katika sinema iitwayo Sing Sing, iliyoongozwa na Greg Kwedar, ikaonyeshwa mara ya kwanza mwaka 2023 katika mji wa Toronto, nchini Kanada.

Gereza la kimya

Sing Sing ni gereza kubwa la jimbo la New York. Limejengwa kando ya mto Hudson, katika mji wa Ossining, mwendo wa kilometa 50 hivi kutoka mji mkubwa wa New York. Jina lake latokana na jina la wenyeji wa kale wa nchi ile. Mwaka 1825 wafungwa 100 waliletwa huko, wakaamriwa kuchimba mawe na kujijengea wenyewe kuta za kuwafungia. Siku zile sheria ya gereza ilikuwa kimya. Mfungwa hakuruhusiwa kusema neno na mwenzake, wala kazini wala mezani, na aliyevunja sheria alipigwa mijeledi. Baadaye sheria hiyo iliondolewa, lakini mahali pale paliendelea kuwa pa kutisha. Tangu mwaka 1891 hata mwaka 1963, watu 614 waliuawa humo kwa kiti cha umeme. Njia ya gari la moshi hupita katikati ya uwanja wa gereza, hata wafungwa huwasikia kila siku watu huru wakipita kwenda makwao.

Mahali hapo ambapo zamani mtu alipigwa kwa kusema neno moja, leo wafungwa husimama juu ya jukwaa na kusema kwa sauti mbele ya watu. Mwaka 1996 mwanamke mmoja, Katherine Vockins, alianzisha humo chama kiitwacho Rehabilitation Through the Arts, maana yake kumrudisha mtu katika maisha mema kwa njia ya sanaa. Walimu wa kujitolea huingia gerezani, wafungwa hukusanyika, husoma mchezo, hugawana sehemu zake, hufanya mazoezi kwa miezi, kisha huucheza mbele ya wenzao na mbele ya wageni. Chama hicho kimeenea baadaye katika magereza mengine kadhaa ya jimbo lile. Mwaka 2005 wafungwa wa Sing Sing walicheza mchezo wa kuchekesha ulioandikwa na mwalimu wao, Brent Buell. Ndani yake mlikuwa na maiti zilizokaushwa za Misri ya kale, na watu wasafirio kutoka zamani moja hata nyingine, na hata Hamlet, mwana wa mfalme katika mchezo maarufu wa Shakespeare. Habari ya mchezo huo iliandikwa katika gazeti la Esquire mwaka ule ule, na kutoka habari hiyo sinema ilizaliwa.

Jambo la kustaajabisha katika sinema hii ni kwamba wengi wa waigizaji wake walikuwa wafungwa kweli, nao walijifunza kuigiza katika chama kile kile. Wawili ndio walio wakubwa katika habari hiyo. Wa kwanza aitwa Divine G. Jina lake halisi ni John Whitfield, naye aliigizwa na Colman Domingo, mwigizaji mashuhuri. Wa pili aitwa Divine Eye; jina lake halisi ni Clarence Maclin. Huyu hakuigizwa na mwingine. Alirudi mwenyewe, akiwa mtu huru, akaigiza maisha yake ya kifungoni. Mwaka 2025 wote wawili walitajwa pamoja na waandishi wenzao kati ya walioshindania tuzo ya Oscar kwa ajili ya maandishi ya sinema hiyo.

Watu wawili

Sinema yasimulia hivi. Divine G amefungwa miaka mingi kwa kosa la kuua ambalo hakulitenda. Ni mtu wa vitabu. Huandika, huwasaidia wenzake kutunga barua za kuomba haki, naye ni kama nguzo ya kundi la waigizaji. Divine Eye ni kinyume chake. Uwanjani wa gereza yeye ndiye mtu wa kuogopwa: huuza vitu vilivyokatazwa, huwatisha wadhaifu na kuwanyang'anya. Uso wake ni mgumu, na ugumu huo ndio ngao yake.

Hata hivyo Divine G na rafiki yake aitwaye Mike Mike wanamkaribisha kundini. Anakuja, lakini bila kuacha kiburi chake. Wenzake wakijinyosha viungo na kuchezacheza kama watoto ili kujiandaa, yeye huona haya. Akisema maneno ya mchezo, huyasema kwa ukali tu, kwa sababu ukali ndio aujuao. Waalimu wake wanamfundisha neno gumu: kuonyesha hasira ni kazi nyepesi, bali kuonyesha kwamba umeumizwa ni kazi nzito. Tena, amezoea kumwita mwenzake kwa lile neno la dharau ambalo zamani wazungu waliwatukania watu weusi. Divine G anamwambia kwamba katika kundi lao neno hilo halitumiki. Humo kila mtu huitwa "mpendwa".

Siku ya kwanza neno hilo ni geni kinywani mwake. Je, aweza kumwita mtu mpendwa naye hampendi bado? Hapa swali la mkatekumeni linarudi, na hapa lazima lijibiwe.

Je, kuigiza ni kusema uongo?

Wakristu wa kwanza hawakupenda michezo ya kuigiza. Katika karne zile, mwigizaji aliyetaka kupokewa kati ya wakatekumeni aliagizwa kuiacha kwanza kazi yake, kwa maana michezo ya siku zile ilichanganyika na ibada ya sanamu na mambo machafu. Tena, katika Injili, Bwana wetu Yezu Kristu aliwakemea sana wanafiki. Na katika Kigiriki, lugha iliyoandikiwa Injili, neno linalofasiriwa "mnafiki" ndilo neno lililomtaja mchezaji wa jukwaani, mtu asemaye maneno yasiyo yake. Basi mtu angeweza kudhani kwamba mwigizaji na mnafiki ni mmoja.

Lakini si mmoja. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, mwalimu mkubwa wa Eklezya aliyefariki mwaka 1274, alifundisha kwamba kazi ya waigizaji si dhambi yenyewe kwa yenyewe, maadamu hawatumii maneno wala matendo maovu. Sababu yake ni wazi. Uongo ni kutaka mwingine asadiki lisilo kweli. Mwigizaji hamdanganyi mtu. Watu wajua kwamba ni mchezo, naye ajua kwamba wajua. Kijana akiigiza Herode siku ya Noeli, hakuna mama amfichaye mtoto wake. Mchezo ukiisha, yule Herode hula chakula pamoja na wote.

Mnafiki hafanyi hivyo. Anaficha kwamba anaigiza. Yakobo, alipovaa nguo za Esau na kumkaribia baba yake kipofu, alivaa ili asitambulikane, apate baraka isiyo yake. Hivyo ndivyo mnafiki avaavyo wema: ili macho ya watu yaishie juu ya nguo, yasifike kwake. Mfungwa wa Sing Sing alivaa nguo ya mwana wa mfalme mbele ya watu waliomjua kabisa, wakijua kosa lake na hesabu ya miaka yake. Asingeweza kuwaficha kitu. Nguo ile haikumfunika; ilimpa nafasi ya kulia mbele ya watu bila kuchekwa, kitu alichokuwa hakukifanya labda tangu utoto.

Kwa hiyo tofauti ya kwanza ni hii. Mnafiki hujificha nyuma ya wema, naye hataki kusahihishwa, anayejifunza hujiweka mbele ya wenzake, akawaambia kwa tendo lenyewe: "Bado sijui, nionyesheni."

Je, mtu aweza kuwa mwema kwa kutenda wema usio wake bado?

Wengine watasema: "Samaki mkunje angali mbichi. Watu hawa wamekwisha kukauka, ukiwakunja, watavunjika." Mithali hiyo ina kweli yake, na wazazi wafanya vema kuikumbuka. Walakini atengenezaye ngoma huchukua ngozi kavu, ngumu kama ubao, akailaza majini hata ilegee, ndipo akaiwamba. Kukauka kwake hakuizuii kuwa ngoma. Huhitaji maji, na muda, na mkono usiochoka.

Wenye hekima wa zamani, na Mtakatifu Tomaso pamoja nao, walifundisha kwamba fadhila ni mazoea mema ya roho, nayo hupatikana kwa kutenda. Mfinyanzi alijifunza kufinyanga kwa kufinyanga, na vyungu vyake vya kwanza vilipinda. Hakuna aliyemwambia: "Wewe si mfinyanzi, unaigiza tu, ngoja kwanza uwe mfinyanzi, ndipo uushike udongo." Angengoja hata kufa. Vivyo hivyo mtu hawezi kungoja awe mvumilivu kabla hajavumilia, wala awe mkarimu kabla hajatoa. Tendo la kwanza la wema ni kama chungu kilichopinda. Hata hivyo ni chungu, wala si uongo.

Ndivyo ilivyokuwa kwa neno "mpendwa". Divine Eye analitamka kwanza kama vazi la kuazimwa. Lakini mtu aitwaye mpendwa kila siku, naye akiwaita wengine hivyo kila siku, huanza polepole kuwaangalia kwa macho mengine. Mtu ambaye jana alikuwa wa kunyang'anywa, leo ni yule anayemkumbusha maneno yake ya mchezo alipoyasahau. Divine Eye naye anasaidiwa na Divine G kutayarisha maombi yake ya kufunguliwa, ambayo mwenyewe alikuwa hayatumaini. Hivyo ule ukali wake unaanza kumwachia.

Hapa lazima jambo moja liongezwe, mkatekumeni asije akapotea. Mazoea peke yake hayamfanyi mtu kuwa mtoto wa Mungu. Imani, matumaini na mapendo hayatokani na mazoezi. Ni zawadi za Mungu, zinazotiwa rohoni kwa neema. Lakini neema haiharibu maumbile ya mtu, huyakamilisha. Anayejizoeza kuzuia ulimi wake hajiokoi mwenyewe. Anatengeneza shamba, na mvua hutoka mbinguni. Mtakatifu Paulo aliwafundisha Wakristu kwamba waliobatizwa wamemvaa Kristu. Alisema kumvaa, kama mtu avaavyo nguo. Wala hakuna Mkristu ambaye vazi hilo lilimwenea tangu siku ya kwanza. Huvikwa akiwa bado mdogo mno kwalo, kisha hukua ndani yake.

Swali la baraza

Sasa yafuata sehemu ya sinema iliyo ngumu kuliko zote. Divine G anaitwa mbele ya baraza lisikilizalo maombi ya wafungwa. Ametayarisha kila kitu. Ana ushahidi kwamba hakuua. Anaeleza pia kazi yake katika kundi la waigizaji, na jinsi mchezo ulivyomsaidia yeye na wenzake. Ndipo mmoja wa baraza anamwuliza kama hata sasa, mbele yao, anaigiza.

Mtu ajibu nini? Akisema, "Siigizi," mwigizaji hodari naye angesema vivyo hivyo. Akilia, machozi nayo huigizwa. Akinyamaza, atahesabiwa kuwa ameshindwa. Hakuna neno liwezalo kumtoa katika mtego huo. Na hilo ndilo neno ambalo jirani humtupia mkatekumeni kando ya chungu cha pombe.

Maombi ya Divine G yanakataliwa. Yale ya Divine Eye, mwanafunzi wake, yanakubaliwa. Juu ya hayo, Mike Mike, rafiki aliyezungumza naye usiku kwa njia ya ukuta wa vyumba vyao, anakufa ghafula gerezani. Ndipo nguzo inaanguka. Yeye aliyewafundisha wengine kutuliza hasira anafoka katikati ya mazoezi, anaharibu kazi ya wenzake, anaondoka. Mambo yote aliyoyafundisha sasa anayaona kuwa bure.

Je, basi wema wake ulikuwa wa bure? Je, alikuwa akitenda mema ili afunguliwe, na alipokosa malipo, akatupa chini vazi? Kila mtu mwenye dini hana budi kujiuliza swali hilo. Wako wanaojifunza sala ili wapate sifa ya kijiji, au ili wapate mke Mkristu, au wapewe kazi misioni. Wakikosa, huondoka. Hao walikuwa wakifanya biashara, na biashara isiyo na faida hufungwa. Lakini wako wengine ambao walipenda wema kweli, kisha wakapigwa sana hata wakaanguka. Hao si wanafiki. Petro naye alimkana Bwana wake mara tatu, na hakuna asemaye kwamba mapendo yake yalikuwa ya kuigiza. Alitoka nje, akalia, akarudi.

Sinema yaonyesha jinsi Divine G alivyorudi, nayo inafaa kukumbukwa na kila mwalimu. Hakurudi kwa nguvu zake. Divine Eye ndiye aliyemwendea. Mtu yule wa kuogopwa, ambaye alifundishwa kumwita mwenzake mpendwa, ndiye aliyekaa na mwalimu wake katika uchungu wake, akamrudishia maneno aliyokuwa amepewa naye. Kama wema ule ungalikuwa mchezo tu kwa Divine Eye, asingekuwa na sababu ya kufanya hivyo. Alikwisha kupata ruhusa ya kutoka. Hakuna baraza lililomtazama siku ile, wala hakuna mtu wa kumpigia makofi.

Hapo jawabu la swali lile linapatikana. Maneno hayawezi kuonyesha kama mtu anaigiza. Siku na matendo huonyesha, hasa tendo lifanywalo pasipo malipo na pasipo mtazamaji.

Eklezya imejua hilo tangu zamani. Kwa sababu hiyo haimwulizi mkatekumeni swali moja siku moja, kisha ikamhukumu kwa jibu lake. Katika karne za kwanza, kabla ya Ubatizo, Wakristu waliomleta mkatekumeni waliulizwa juu ya maisha yake: je, aliwaheshimu wajane? Je, aliwatembelea wagonjwa? Jibu halikutoka kinywani mwake, bali kwa majirani zake. Na kwa misioni za Mapadri Weupe katika Afrika, Kardinali Lavigerie aliweka muda wa miaka 4 ya matayarisho. Wengi waliona muda huo kuwa mrefu. Lakini mtu aliyeambiwa angoje mwaka mmoja zaidi, naye akaendelea kumchotea maji mjane wakati wa kungoja, amekwisha kujibu swali la baraza.

Na waliodhulumiwa?

Wengine watauliza kwa haki: "Wafungwa wanacheza na kucheka, je, waliodhulumiwa nao?" Swali hilo lisipuuzwe. Katika magereza mna watu waliofungwa bila kosa, kama Divine G wa sinema; lakini mna wengi walioua na kuiba kweli, na mchezo haufuti damu wala haurudishi mali. Toba ya kweli ina sehemu zake: kusikitika kwa moyo, kukiri kosa, na kulipa kiasi mtu awezavyo. Zakayo, alipompokea Bwana nyumbani mwake, hakuona furaha peke yake. Aliahidi kuwarudishia aliowadhulumu mara nne.

Lakini yafaa kufikiri pia: ni mtu gani awezaye kusikitika kwa ajili ya aliyemdhulumu? Ni yule tu awezaye kujiweka mahali pa mwingine. Divine Eye, katika siku zake za ukali, hakumwona aliyemnyang'anya. Aliona mali yake tu. Mchezo wa kuigiza humlazimisha mtu kuuliza: "Huyu ninayemwigiza anaogopa nini? Ni nini kimemwumiza?" Anayejifunza kuuliza hivyo juu ya mwana wa mfalme wa hadithi, siku moja aweza kuuliza hivyo juu ya mtu aliyempiga. Kuta za mawe na kimya cha mwaka 1825 havikuwafundisha watu swali hilo. Basi asiwadharau waliodhulumiwa yule anayewafundisha wafungwa. Anafungua mlango ambao toba yaweza kupitia.

Mwigizaji aliyebatizwa

Wakristu wa zamani walisimulia habari ya Genesyo, mwigizaji wa mjini Roma katika siku za Kaisari Dioklesyano, aliyewatesa Wakristu. Genesyo alichukia dini. Ili kumfurahisha Kaisari, aliamua kuigiza jukwaani Ubatizo wa Wakristu, watu wapate kucheka. Alijilaza kama mgonjwa, akaomba kubatizwa, akavikwa nguo nyeupe. Lakini katikati ya mchezo moyo wake ulipigwa na neema, akayasadiki maneno aliyokuwa akiyachezea. Akasimama, akamwambia Kaisari kwamba sasa ni Mkristu kweli. Watu walicheka kwanza, wakidhani ni mchezo bado. Walipofahamu kwamba haigizi tena, waliacha kucheka. Aliteswa, hakukana, akakatwa kichwa. Sikukuu yake huadhimishwa tarehe 25 Agosti, naye ndiye msimamizi wa waigizaji.

Habari hiyo yaonyesha kwamba Mungu aweza kumshika mtu hata kwa maneno aliyoyasema kwa dhihaka. Basi, je, hatamshika yule anayeyasema kwa hamu, ingawa moyo wake ungali mzito?

Sinema ya Sing Sing yaishia nje ya gereza. Miaka imepita, na Divine G hatimaye amefunguliwa. Anatoka na mizigo yake michache, naye anamkuta mtu amesimama akimngoja. Ni Divine Eye. Hakuna jukwaa pale wala mwalimu wa kusahihisha. Wanakumbatiana.

Mkatekumeni achekwaye na jirani zake asiogope neno lao, wala asilitupe upesi. Alichukue kama swali, akajiulize: "Je, wema huu naufanya pia nisipotazamwa? Je, nakubali kusahihishwa? Je, nikinyimwa nilichokingoja, nitarudi?" Kama moyo wake wajibu vibaya katika moja, hana haja ya kuondoka, ajue tu mahali pa kufanya mazoezi kesho. Na ndugu yule ambaye akimwona njiani hasira humpanda, amsalimu. Sauti yake itatetemeka siku ya kwanza, na salamu itakuwa fupi. Amsalimu tena siku ya pili.